Chagua aina ya ndoa kwanza, ukumbi baadaye

Wengi hulipia ukumbi kabla hawajajua nani atafungisha ndoa na wapi anaruhusiwa kuifungisha. Matokeo yake bustani imeshalipiwa, halafu kiongozi wa dini anasema hafungishi ndoa nje ya nyumba ya ibada, au msajili wa ndoa hafanyi kazi Jumamosi.

Kwa hiyo muoneni mfungishaji kwanza. Muulizeni kama cheti chake kinatambuliwa na serikali au itabidi mwende pia kwa msajili, notisi (taarifa ya kutaka kuoana) ni ya siku ngapi, kuna mafundisho ya ndoa au hakuna, na mashahidi wawe wangapi. Sheria hazifanani: Ufaransa inatambua ndoa ya kiserikali tu, na ni lazima itangulie ile ya kidini, England na Wales notisi kwa msajili hutolewa angalau siku 29 kabla. Aliyewahi kuwa na ndoa huombwa cheti cha talaka au cha kifo cha mwenzi wake, na kukifuatilia kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko notisi yenyewe. Anzeni na karatasi hiyo.

Wenye dini tofauti mara nyingi huona njia nyepesi ni ndoa ya serikali, kisha baraka. Ila ulizeni mapema kama baraka hizo zitatolewa. Zipo dini zisizokubali.

Sasa idadi ya wageni, maana bila hiyo hakuna ukumbi wa kukagua. Mwenye ukumbi akikwambia "unaingia watu 300", mara nyingi amehesabu viti vilivyopangwa kwa safu, bila meza. Meza ya duara yenye kipenyo cha mita 1.8 hukaliwa na watu 10, na kati ya meza na meza ziachwe kama mita 1.5, kwa sababu mtu akikaa kiti kinarudi nyuma na mhudumu anahitaji kupita na sinia. Kadirieni mita za mraba 1.5 kwa kila mgeni. Wageni 200 ni mita 300. Ongezeni kama 50 za kuchezea, ikiwa nusu yao watainuka kwa pamoja, na nyingine 50 za jukwaa, meza za chakula na vyombo vya muziki. Pimeni kwa futi kamba wenyewe. Nguzo zinazoziba maharusi zihesabuni kama nafasi iliyopotea.

Nendeni kukagua saa ileile ya sherehe. Jua la alasiri likiingia nyuma ya jukwaa, picha zitatoa sura nyeusi. Mmoja aongee kwenye kipaza sauti, mwingine akae kiti cha mwisho: ukumbi wa vigae na vioo hurudisha mwangwi hadi maneno hayasikiki. Jenereta iwashwe mbele yenu, na mjue mafuta ni ya nani. Vyoo tazameni pamoja na njia ya kuvifikia, kwa ajili ya wazee na wenye viti vya magurudumu.

Bustani inapendeza, lakini "tutaweka hema" si mpango wa mvua. Mpango ni chumba au hema lililoandikwa kwenye mkataba, linaloenea wageni wote, pamoja na saa ya mwisho ya kuamua, kwa kawaida jana yake.

Kwenye mkataba, angalieni saa zinaanza kuhesabiwa lini. Mpambaji anaweza kuhitaji muda wa saa 4 hadi 6 kupamba. Kama usiku uliotangulia kuna sherehe nyingine, ataingia viti vya jana vikiwa bado havijatolewa. Ulizeni kama mnaruhusiwa kuleta mpishi wenu, muziki unazimwa saa ngapi, faini ya kuchelewa kutoka ni kiasi gani, na amana ya uharibifu inarudishwa baada ya siku ngapi. Jibu la mdomo lisilotaka kuandikwa lichukulieni kama hapana.