Oili nyeusi sio ugonjwa: angalia hivi kabla hujawasha gari

Niko gereji hapa Unga Limited, Arusha, na kila wiki lazima aje mtu ananiambia fundi oili imekuwa nyeusi nimwagie, ukimuuliza ametembea kilomita ngapi toka abadilishe anasema hata elfu moja bado. Jamani, oili ina dawa ya kuosha injini ndani yake, inabeba masizi, lazima ichafuke, na kwenye dizeli inaweza kuwa nyeusi siku hiyo hiyo uliyoweka mpya.

Hatua ya kwanza, paki sehemu tambarare. Asubuhi kabla hujawasha ndo poa zaidi, kama ulikuwa unatembea zima usubiri dakika kumi oili ishuke kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Ya pili, chomoa stiki ya kupimia oili, ifute, irudishe mpaka mwisho, chomoa tena, usisome ile ya kwanza inadanganya. Iwe kati ya zile alama mbili. Usizidishe, ikizidi krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, inaichapa mpaka inatoa povu na povu halilainishi chuma.

Ya tatu ndo rangi, dondoshea kwenye tishu nyeupe. Ya asali au kahawia sawa. Nyeusi, fuata kilomita zako za kubadilisha oili. Ikinuka petroli au ina chembe zinazong'aa mwone fundi, chembe ni chuma kinalika. Ila ukikuta kama chai ya maziwa USIWASHE, hayo ni maji ya rejeta yameingia kwenye oili, mara nyingi gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imekufa. Kuna dada alitoka Moshi na hali hiyo, njiani akaambiwa aongeze tu oili aendelee, anafika kwangu beringi za krenki zimeshaliwa tukafungua injini nzima, na angesimama pale Boma Ng'ombe akavutwa ingekuwa gasketi na kusawazisha hedi basi, iliniuma sana.

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ukiona utando wa maziwa kwenye kifuniko cha kuwekea oili tu, stiki safi na maji ya rejeta hayapungui, usiogope, ni mvuke wa safari fupi fupi za mjini, injini haipati moto wa kutosha. Futa, tembea safari ndefu kidogo, kesho yake angalia tena.

Ukibadilisha weka oili yenye namba ya uzito iliyo kwenye kitabu cha gari, wameandika 5W-30 weka hiyo hiyo, na kilomita ziandike kwenye karatasi ubandike ndani ya boneti.