Kutafuta Nasaba Katika Kaunti ya Mashambani Marekani: Mfano wa Graham, Kansas

Wapo ndugu zetu waliohamia Marekani wakajikuta wanaishi katika kaunti za mashambani, wameoa au wameolewa na wenyeji, na siku moja mtoto anauliza mababu wa upande wa pili walitoka wapi. Nachukua mfano wa kaunti ya Graham, kaskazini-magharibi mwa Kansas, kwa kuwa ndani yake kuna kijiji cha Nicodemus, kilichoanzishwa mwaka 1877 na watu weusi kutoka Kentucky, miaka 12 tu baada ya utumwa kukomeshwa.

Anza na wazee walio hai. Kila mwisho wa Julai wazao wa waasisi hurudi Nicodemus kusherehekea, na hapo utasikia mengi yasiyoandikwa popote. Kisha rudi nyuma kwa sensa. Majina ya sensa ya taifa hufichwa kwa miaka 72, kwa hiyo ya karibuni kabisa iliyo wazi ni ya 1950. Ile ya 1890 karibu yote iliharibiwa na moto wa 1921 mjini Washington, lakini Kansas ilikuwa na sensa yake yenyewe, zikiwemo za 1885 na 1895, na hizo huziba pengo. Vyeti vya jimbo vya kuzaliwa na vya vifo vinaanza Julai 1911, na vya ndoa Mei 1913. Kwa miaka ya kabla ya hapo, ulizia Hill City, makao makuu ya kaunti.

Hazina kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni majalada ya ardhi. Sheria ya 1862 ilimpa mtu ekari 160 za serikali endapo angekaa na kulima kwa miaka 5, na ili apate hati ilimbidi yeye na mashahidi wawili waeleze kwa kiapo nyumba ilijengwa lini, ni ekari ngapi zimelimwa na familia ina watu wangapi. Hati yenyewe hutazamwa bure mtandaoni, ila maelezo hayo yamo katika jalada lililohifadhiwa na Idara ya Nyaraka za Taifa ya Marekani (National Archives), ambalo nakala yake huagizwa kwa malipo. Usiwapuuze mashahidi: huenda ni shemeji au wasafiri wenza kutoka Kentucky.

Kabla ya sensa ya 1870 njia huwa ngumu, na inauma. Katika orodha za watumwa za 1850 na 1860 utakuta jina la mmiliki, na chini yake umri, jinsia na rangi, bila jina la mtumwa. Hapo fuatilia wosia na orodha za mali za mmiliki huko Kentucky, pamoja na daftari za Benki ya Walioachwa Huru (1865–1874), ambazo mara nyingi hutaja wazazi na ndugu wa mweka akiba. Nyingi zinapatikana bure katika tovuti ya nasaba ya FamilySearch.

Nasi tunaandikwa katika masjala hizo hizo. Majina yetu matatu huwatatiza makarani, hata baba na mwanawe wakabeba majina ya ukoo tofauti. Hakikisha jina limeandikwa kwa namna moja katika cheti cha ndoa, hati ya nyumba na cheti cha mtoto, na ulikague kabla ya kutia saini.