Somo: Kwenda Alaska kwa Gari Kupitia Kanada Ukiwa na Bunduki ya Kuwindia

Washington ni Marekani, Alaska nayo ni Marekani. Katikati yake kuna Kanada, na ndipo watu wanapokwama. Mtu amezoea jimbo ambalo bunduki inakaa nyuma ya kiti cha pikapu na hakuna anayeuliza, anafika mpakani na mazoea yaleyale, na safari inaishia hapo.

Somo hili ni la anayetoka Seattle au maeneo ya jirani kwenda Anchorage au Fairbanks kwa barabara. Ni karibu kilomita 3,600 hadi Anchorage, na sehemu kubwa iko ndani ya Kanada: unavuka mpaka pale Sumas, unapita Prince George, Dawson Creek, Fort Nelson, Watson Lake na Whitehorse, kisha Beaver Creek, ndipo unaingia tena Marekani. Nachukulia bunduki ni mali yako halali na hati zako za kuishi Marekani ziko sawa. Kama una viza ya muda (mwanafunzi, mfanyakazi wa mkataba), ishia hapa na uone wakili kwanza, kwa sababu sheria ya Marekani yenyewe inawakataza wengi wa kundi lako kumiliki silaha, isipokuwa kwa sababu chache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji, na kuirudisha bunduki ndani ya nchi kunahitaji kibali cha ATF (idara ya Marekani inayosimamia silaha) kabla ya safari.

Hatua ya 1: Jua Kanada inaiitaje bunduki yako

Usiruke hatua hii. Ukiikosea, fomu nzuri na lugha ya heshima havitakusaidia.

Kanada inagawa silaha katika makundi matatu: za kawaida, zenye masharti, na zilizopigwa marufuku. Bunduki ya kuwindia ya kukokota bolti kwa mkono na shotigani ya kawaida ya pampu kwa kawaida ziko kundi la kwanza, na somo hili ni la kundi hilo tu. Angalia hata hivyo kama mtutu umekatwa, au kama kitako kinakunjwa na bunduki ikawa chini ya milimita 660 huku bado inaweza kufyatua. Hapo imeshahama kundi.

Bastola iache. Tangu Agosti 2022 Kanada imezuia watu binafsi kuingiza bastola, na sheria iliyopitishwa Desemba 2023 ikakaza zaidi. Kibali chako cha kubeba bastola cha Washington, Idaho au kwingineko hakina uzito wowote ng'ambo ya mpaka.

AR-15, ile bunduki ya nusu otomatiki ya mtindo wa kijeshi, nayo iache. Mei 1, 2020 serikali ya Kanada ilipiga marufuku aina zipatazo 1,500, ikiwemo AR-15 na Ruger Mini-14, na orodha ikaongezwa Desemba 2024 na tena Machi 2025. Mini-14 ndiyo inayowaponza wengi, maana kwa macho ni bunduki ya shambani tu, na wanaoishi Alaska wanaipenda. Kama yako ni ya nusu otomatiki ya aina yoyote, piga simu kituo cha silaha cha polisi wa Kanada (RCMP), 1-800-731-4000, uwatajie kampuni na modeli. Usitegemee alichokwambia muuza duka.

Magazini (chombo cha risasi kinachochomekwa kwenye bunduki) pia zina sheria yake. Kwa bunduki ndefu ya nusu otomatiki inayotumia risasi kubwa, mwisho ni risasi tano. Magazini ya thelathini ni kosa hata ikiwa tupu, hata ikiwa umeisahau chini ya kiti. Pekua gari zima kabla ya kuondoka: mikoba, mifuko ya makoti ya mwaka jana, kile kisanduku cha mbele. Maafisa watapekua vizuri kuliko wewe.

Hatua ya 2: Hati zako wewe mwenyewe

Mwenye uraia wa Marekani aje na pasipoti. Mwenye grinikadi aje na grinikadi pamoja na pasipoti halali ya nchi yake ya asili. Tangu Aprili 26, 2022 Kanada inadai vyote viwili. Ndugu zetu walioingia kama wakimbizi na hawana pasipoti ya nyumbani watumie hati ya kusafiria ya mkimbizi, na wahakikishe haijaisha muda.

Kama uliwahi kukutwa na hatia ya kuendesha ukiwa umelewa, Kanada inaweza kukurudisha hata usipokuwa na bunduki. Kule kosa hilo linahesabiwa zito tangu Desemba 2018.

Hatua ya 3: Fomu ya tamko

Inaitwa RCMP 5589, ya wasio wakazi wa Kanada, na lazima uwe umefikisha miaka 18. Chapisha nakala tatu. Jaza kampuni, modeli, namba iliyochongwa kwenye chuma, ukubwa wa risasi, urefu wa mtutu. Namba usiisome kwenye risiti ya duka. Isome kwenye bunduki yenyewe, kwa tochi, herufi moja moja, maana 8 na B zinafanana chuma kikichakaa. Fomu moja inabeba bunduki tatu. Zikizidi kuna karatasi ya nyongeza, RCMP 5590.

Usisaini nyumbani. Saini inawekwa mbele ya afisa wa forodha ya Kanada. Ukiifikisha imeshasainiwa, unaanza upya palepale kaunta huku foleni ikikutazama.

Kwenye sababu ya kuingiza, andika ukweli: unapita kwenda Alaska kwa njia ya moja kwa moja, au unakwenda kuwinda. Usiandike kujilinda dhidi ya watu. Kanada haiitambui kuwa sababu.

Hatua ya 4: Forodha ya Marekani kabla ya kutoka

Ukitoka Marekani kwa gari hakuna kibanda cha kukusimamisha, kwa hiyo wengi hupita moja kwa moja. Lakini sheria inamtaka raia au mwenye grinikadi anayetoka na bunduki zake kwa muda azitangaze: mwisho bunduki tatu na risasi 1,000. Egesha, acha bunduki ndani ya gari lililofungwa, ingia ofisini mikono mitupu, uombe Fomu 4457. Afisa atakuja kuiona bunduki mwenyewe na kugonga muhuri. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi kwamba bunduki ilikuwa yako kabla hujatoka.

Hatua ya 5: Kufunga

Bunduki tupu, bolti imetolewa kama inatoka, ndani ya kasha gumu lenye kufuli. Risasi mbali na bunduki. Pakia kasha mahali afisa atakapoweza kulifikia bila kushusha magodoro na sufuria zako zote. Unacheka, lakini kwa anayehama na familia hii peke yake inaokoa saa nzima.

Hatua ya 6: Dirishani, forodha ya Kanada

Zima redio, shusha vioo vyote, vua miwani ya jua. Ukishasalimia na kutoa hati, sema mwenyewe kabla hujaulizwa: nina bunduki moja ya kuwindia, iko tupu, iko nyuma ndani ya kasha, fomu ninayo. Mikono ibaki kwenye usukani. Usishuke kuionyesha na usifungue buti mpaka uambiwe.

Utaelekezwa pembeni. Wataikagua, wataoanisha namba, utasaini, utalipa dola 25 za Kanada. Ni malipo ya tamko zima, si ya kila bunduki. Likithibitishwa, tamko ni leseni yako ya siku 60. Liweke pamoja na pasipoti.

Hatua ya 7: Njiani

Ukiliacha gari, bunduki iwe ndani ya buti iliyofungwa. Gari lisilo na buti, iwe haionekani na milango imefungwa. Usiku motelini ingia nayo. Chumbani ibaki tupu na imefungwa kwa kufuli ya kifyatulio, au ikae ndani ya kasha lenye kufuli.

Hatua ya 8: Kuingia Alaska

Kituo cha forodha cha Marekani kinaitwa Alcan. Unatangaza tena, unatoa 4457, umemaliza.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kutoka Spokane: Mwalimu, bunduki ni ya mume wangu na yeye atatangulia kwa ndege. Naweza kuvuka nayo mimi?*

Dada, tamko ni la anayelisaini na ndiye anayesafiri na bunduki. Mumeo akitangulia, jina lake halitakusaidia dirishani. Saini wewe, ukiwa na barua yake na risiti kuonyesha umeipataje, au yeye aende na bunduki kwenye ndege kama ninavyoeleza chini.

*Kutoka Boise: Risasi je? Nina katoni nyingi.*

Zitangaze. Za kuwindia, 200 zinaingia Kanada bila ushuru. Kanada inaruhusu hadi 5,000 kwa matumizi binafsi, ila kumbuka ule ukomo wa 1,000 wa Marekani. Huo ndio utakaokubana. Mimi ningebeba boksi mbili. Tamko lililothibitishwa linakuruhusu pia kununua risasi dukani Kanada, kwa hiyo sioni haja ya kuhamisha ghala.

*Kutoka Tacoma: Nikikaa kimya tu? Gari la familia, watoto nyuma, nani atapekua?*

Kaka, wanapekua, na gari la familia lenye mizigo ya kuhama ndilo linalovuta macho. Wakiipata hujaitangaza, bunduki inachukuliwa, gari linaweza kuzuiliwa, na unaweza kushtakiwa kwa jinai. Kwa mwenye grinikadi, kesi ya silaha inaweza kukufuata hadi kwenye ombi la uraia. Kwa dola 25?

*Kutoka Portland: Dawa ya kupulizia dubu inaruhusiwa?*

Ndiyo, kama kopo limeandikwa wazi kuwa ni ya wanyama. Itangaze. Ile ndogo ya kuning'iniza kwenye funguo, ya kumpulizia mtu, Kanada inaihesabu kuwa silaha iliyopigwa marufuku.

*Kutoka Seattle: Shikamoo mwalimu. Bastola yangu siwezi kuiacha, nahamia Anchorage moja kwa moja. Nifanyeje?*

Marahaba. Njia mbili, zote hazigusi Kanada. Ya kwanza, ipeleke kwa muuza silaha mwenye leseni hapo Seattle aitume kwa mwenzake wa Anchorage, uichukue ukifika. Ya pili, panda ndege isiyotua Kanada: bastola tupu, kasha gumu lenye kufuli, uitangaze kaunta unapokabidhi mizigo, isiingie kabisa kwenye mkoba wa mkononi. Gari mwachie mwenzio aendeshe, na kabla hajaondoka, pekua tena chini ya viti.