Kutengeneza kitanda cha kamba: matendegu, mifumbati na vitakizo

Kitanda cha kamba kina vipande vinane tu vya mbao: matendegu manne, yaani miguu ya kitanda, mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili, kimoja cha mchagoni, yaani upande wa kichwa, na kingine cha miguuni. Ndiyo kazi ninayompa kila mwanagenzi anayetaka kujifunza kuunga mbao, kwa sababu haina msumari wa kuficha kosa. Kamba zikishawambwa huvuta mbao zote kwa ndani, hivyo ulimi, yaani ncha ya ubao iliyopunguzwa ili iingie kwenye tundu la tendegu, ukikatwa sawasawa huzidi kukaza, na ukikatwa vibaya hupindisha tendegu siku hiyo hiyo.

Hatua ya kwanza: mbao. Mninga ni chaguo zuri kwa kuwa ukishakauka hausinyai sana. Mtiki, ambao wazee wa pwani huuita msaji, unafaa pia, nao hupandwa katika mashamba ya miti ya Tanzania kama Longuza na Mtibwa. Mtake muuzaji akuoneshe hati halali za mbao zake. Ondoa sehemu yote nyeupe iliyo karibu na gome, kwani humo ndimo wadudu huanzia.

Usikubali neno la mdomo kuhusu ukavu. Kitanda cha kwanza nilichouza nilikitengeneza kwa mbao nilizoambiwa kuwa ni kavu. Baada ya miezi minne maungio yaliachia nafasi ya kupitisha sarafu, nami nikalazimika kutengeneza vitakizo vipya. Tangu hapo huzipanga mbao kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, na kila wiki napima ubao mmoja kwenye mizani. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki kadhaa mfululizo, naanza kazi.

Hatua ya pili: vipimo. Matendegu yawe na unene wa sentimita 7 kwa 7 na urefu wa 45. Mifumbati na vitakizo viwe na unene wa sentimita 5 na kimo cha 7; mfumbati ukatwe kwa urefu wa sentimita 200 na kitakizo kwa 100. Ukitoa sentimita 5 za ulimi kila upande, kati ya tendegu na tendegu zitabaki 190 na 90. Randa kwanza uso mmoja hadi unyooke, kisha uso wa pili uthibitishe kwa skwea, kifaa cha kupimia pembe mraba, ndipo upime nyuso nyingine kutoka hizo mbili.

Hatua ya tatu: matundu. Tundu hutangulia ulimi, kwa sababu ulimi ukiwa mnene hupunguzwa kwa patasi, ilhali tundu lililopanuka halirudi. Simamisha matendegu manne kama yatakavyokaa kitandani, uyatie alama za mchagoni, miguuni, kushoto na kulia, kisha ndipo uchore. Nimeona tendegu zuri likiharibika kwa kutobolewa upande usio wake.

Kila tendegu lina matundu mawili yanayokutana ndani, kwa hiyo yasiwe kwenye kimo kimoja. Mimi huupitisha ulimi wa mfumbati juu na wa kitakizo chini, kila mmoja ukiwa na kimo cha sentimita 2.8, ili pabaki milimita 4 za mti kati yake, huku kwa nje mbao zote zikionekana ziko sawa. Unene wa ulimi huamuliwa na patasi: kwa patasi ya milimita 16, chora milimita 16 katikati ya ubao. Toboa kwanza kwa keekee hadi kina cha sentimita 5.2, kisha safisha kuta kwa patasi ukianzia katikati.

Hatua ya nne: ndimi. Mstari wa bega, yaani pale ulimi unapoanzia, uchorwe kwa kisu, uzunguke nyuso zote nne na ukutane ulipoanzia. Kata kwa msumeno nje kidogo ya mstari, umalizie kwa patasi. Ulimi unaofaa huingia kwa mkono hadi nusu, na nusu iliyobaki kwa kugongwa polepole kwa nyundo ya mti. Ukidai nguvu zaidi, uchomoe na uupunguze, la sivyo tendegu litapasuka.

Hatua ya tano: kuunga. Viringisha kingo zote zitakazopitiwa na kamba, kwani kona kali huikata. Piga msasa, paka mafuta ya kitani, na matambara uliyopakia uyatandaze nje yakauke, maana yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe. Situmii gundi: mvutano wa kamba unatosha, na fremu huweza kufunguliwa siku ya kuwambwa upya. Kabla ya kuwamba, pima kutoka tendegu hadi tendegu la mshazari. Vipimo viwili vikitofautiana, fremu imekwenda upande.

Hatua ya sita: kuwamba. Tumia kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Sentimita 20 kabla ya kitakizo cha miguuni, funga kamba nene kutoka mfumbati hadi mfumbati. Kati ya kamba hiyo na mchago, zungusha kamba za mapana kwenye mifumbati, kisha pitisha za marefu, juu ya mbili na chini ya mbili, zikiishia kwenye kamba nene. Nafasi iliyobaki ifungwe kwa kamba inayozunguka kitakizo na kuivuta ile nene. Baada ya wiki mbili za kulaliwa kamba zitakuwa zimelegea. Fungua fundo moja tu, la kamba hiyo inayozunguka kitakizo, vuta duru moja baada ya nyingine, ufunge tena.