Kuweka zulia la floki kwenye modeli ya gari ya 1/24

Sakafu ya plastiki, hata uipake rangi vizuri vipi, haigeuki zulia. Inakosa vinyweleo vinavyomeza mwanga. Vinyweleo hivyo huletwa na unga wa floki, yaani nyuzi za nailoni au reyoni zilizokatwa fupi mno. Kwa modeli ya 1/24 au 1/25, yaani ndogo mara 24 au 25 kuliko gari halisi, tafuta nyuzi zisizozidi nusu milimita. Piga hesabu: milimita 0.5 mara 24 ni milimita 12, na hilo tayari ni zulia nene. Nyuzi za milimita 1 zingekuwa na urefu wa milimita 24 kwenye gari halisi, na hakuna gari la kawaida lenye manyoya hayo.

Kabla ya kuagiza unga, lijue gari unalolitengeneza. Haiesi (basi dogo la Toyota) za teksi za Kampala kwa kawaida zina sakafu ya raba au vinili, inayofagiliwa na kuoshwa. Ukiitandika floki umeharibu kazi. Toyota Premio au Haiesi ya daraja la Super GL ndizo zenye zulia, mara nyingi la kijivu au la rangi ya mchanga. Chagua unga uliofifia kidogo kuliko zulia halisi, maana rangi kali huonekana kali zaidi kwenye kitu kidogo.

Unga wenyewe huenda ukalazimika kuuagiza nje. Vingine vyote vinapatikana Kikuubo, eneo la maduka mjini Kampala, au kwenye duka la vifaa vya ujenzi: gundi nyeupe ya mbao, kichungi cha chai chenye matundu madogo, brashi laini bapa ya milimita 5, tepu ya karatasi, vijiti vya meno na karatasi safi za A4. Andaa vijiko vitatu vya mezani vya unga kwa gari moja. Utakaonata haufiki kijiko kimoja cha chai, lakini bila lundo la kumwagia hutapata zulia lililojaa.

Osha sakafu kwa sabuni, ikauke, kisha ipake rangi isiyong'aa inayokaribiana na unga. Usiiruke hatua hii. Palipo na upungufu wa nyuzi patakuwa na kijivu chini ya kijivu na jicho halitapaona. Ukiacha plastiki nyeupe, kila upungufu utang'aa. Jaribu kupanga viti, dashibodi na pedali vikiwa vikavu, uweke alama ya penseli pale vinapokanyaga, kisha ufunike sehemu hizo kwa vipande vya tepu. Floki huongeza karibu nusu milimita: kiti kikikaa juu yake kitainuka, na gundi yake itashika nyuzi badala ya plastiki.

Sasa gundi, na hapa ndipo kazi hufaulu au huharibika. Changanya sehemu tatu za gundi nyeupe na sehemu moja ya maji, tone dogo la sabuni ya vyombo ili isijikusanye matone matone, na tone la rangi ya akriliki inayofanana na unga. Paka tabaka lililo sawa, lenye umajimaji unaoonekana ukiinamisha kazi kwenye mwanga, lakini lisilotiririka. Ikiwa nyembamba, hukauka kabla ya unga kufika, nawe unabaki na mabaka. Ikiwa nene, hupanda kati ya nyuzi na kuzigandisha ziwe ngozi ngumu inayong'aa. Usithubutu kutumia supaglu: mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki. Rangi ya mafuta inafaa pia badala ya gundi, na kwa kuwa hukawia kukauka inakupa nafasi ya kutosha.

Gawa sakafu: upande wa dereva, mwinuko wa katikati unaopitisha gia, upande wa abiria, kisha nyuma. Paka kipande kimoja, ukianza na kona kwa kijiti cha meno, kisha chekecha unga papo hapo kutoka juu, sentimita 10 hivi, mpaka gundi isionekane kabisa. Zima feni na uvae barakoa, maana nyuzi hizi huelea na si nzuri kwa mapafu. Usibonyeze kwa kidole. Kidole hulaza nyuzi na kuivuta gundi juu, na alama yake haitoki.

Acha lundo likae juu ya kazi saa 24. Wakati wa mvua, acha siku mbili. Kisha pindua juu ya karatasi, gonga mgongo wa sakafu kwa mpini wa brashi, urudishe unga uliobaki kopoani. Unga ukiwa na mabonge umeingiwa na unyevu: uanike juani ndani ya karatasi iliyofungwa, uchekeche upya.

Pakiwa na kipara, gusa gundi kidogo kwa ncha ya kijiti na unyunyize tena. Usipake gundi juu ya nyuzi zilizokwisha simama. Mikeka ya miguuni ikate kwenye karatasi nene, uiwekee floki nyeusi kando, na kwenye wa dereva ufifishe mahali pa kisigino kwa vumbi la chaki ya kahawia. Mwisho ng'oa tepu kwa kibano, ukiivuta kwa chini, karibu na sakafu, ili ukingo usichanike, na ubandike viti kwenye plastiki tupu.