Sangara hakuwepo Bukumbi mwaka 1883

Unaandika riwaya ya vijana kuhusu imani ya Kikristo ilivyofika huku Ziwa Victoria? Anza kukagua chakula na usafiri. Juzi nimesoma mswada mzuri kweli: kijana mkatekumeni (anayejiandaa kubatizwa) wa Bukumbi, karibu na Mwanza, mwaka 1883, Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, ndiyo kwanza wanafungua misheni, naye anakula sangara. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950! Mpe furu au kambale, kwa ugali wa mtama. Wala asifike Mwanza kwa treni, reli ilifika 1928. Mpandishe mtumbwi unaovuja, awe anachota maji kwa kibuyu huku midomo ikisali.

Imani yenyewe ndiyo ngumu zaidi. Usimfanye ahubiri. Mwache asimame mlangoni kwa babu yake, ameshindwa kutamka kwamba hatatambika tena, na babu anamkaribisha chakula kwa upendo uleule. Hofu hiyo vijana wetu wanaijua mpaka leo.

Kabla ya kwenda kwa mchapaji, wasomee vijana wa kwaya sura moja kwa sauti. Wakianza kushika simu, umeingiza mahubiri hapo, kata. Na ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, iombe mapema Bodi ya Huduma za Maktaba, jalada likiwa bado halijasanifiwa.