Somo: Kuingia chuo cha PA Marekani ukiwa na GPA ya chini

Kwanza tuwekane sawa. PA (physician assistant) anaitwa msaidizi wa daktari, lakini si yule anayekupima presha kabla daktari hajaingia. PA hupima mgonjwa, hutambua ugonjwa, huandika dawa na huingia chumba cha upasuaji. Masomo yake ni ya shahada ya uzamili, mara nyingi kama miezi 27, na unaomba ukiwa na digrii ya kwanza. Vyuo vingi huweka 3.0 kuwa GPA (wastani wa alama, kilele ni 4.0) ya chini kabisa, ila wanaopata nafasi huwa karibu na 3.6. Somo hili ni la mwenye 2.5 hadi 3.1.

Hatua ya 1: Piga hesabu kama CASPA

Vyuo karibu vyote hupokea maombi kupitia mfumo mmoja, CASPA, na CASPA hukokotoa GPA yake yenyewe. Hapa ndipo wengi huangukia. Uliporudia kemia, chuo chako kilifuta ile F na kubakiza A. CASPA huirudisha F. Kozi ya krediti 4 (krediti ni uzito wa kozi) iliyopata F, yaani 0, kisha A, yaani 4, inakuwa pointi 16 kwa krediti 8, yaani 2.0. Sasa chukua mtu mwenye krediti 120 na 3.1 kwenye transkripti, aliyefutiwa F tatu za krediti 4. Pointi zake 372 zinagawanywa kwa krediti 132, na GPA inashuka hadi 2.82. Alidhani kavuka mstari, kumbe yuko chini yake.

Fungua lahajedwali, uandike kila kozi, krediti zake, alama na pointi (alama mara krediti). A ni 4.0, A- ni 3.7, B+ ni 3.3, B ni 3.0, B- ni 2.7, C+ ni 2.3, C ni 2.0. W (ulijiondoa kwenye kozi) haihesabiwi, lakini WF (ulijiondoa ukiwa unafeli) huhesabiwa kama F. Kama chuo chako kilitumia mfumo wa robo mwaka, zidisha krediti kwa 0.667. Ingiza kila chuo ulichowahi kusoma, hata kozi moja ya kiangazi kwenye chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili). Kisha tenga bailojia, kemia na fizikia upate GPA ya sayansi peke yake, maana nayo huangaliwa kivyake.

Hatua ya 2: Krediti ngapi zitakuvusha?

Kama utapata A tupu, hesabu ni hii: krediti ulizonazo, mara tofauti kati ya lengo na GPA yako, gawanya kwa (4 kutoa lengo).

Mwenye krediti 120 na 2.7 anayetaka 3.0: 120 × 0.3 ÷ 1 = krediti 36. Ni mwaka mmoja na kitu wa masomo ya kutwa. Akitaka 3.2 anahitaji 75, na hapo ni afadhali hela zake aziweke kwingine.

Sasa badilisha ile 4 iwe 3.3, yaani apate B+ tu kila kozi. Krediti zinazohitajika kufika 3.0 zinaruka kutoka 36 hadi 120. Kwa hiyo usibebe kozi nne huku unapiga zamu za usiku. Kozi mbili zenye A zinakufaa kuliko nne zenye B+.

GPA ya sayansi hupanda upesi zaidi kwa sababu krediti zake ni chache. Mwenye krediti 40 za sayansi kwa 2.5 akiongeza 24 zenye A anafika 3.06.

Hatua ya 3: Kozi zipi

Rudia ulizopata chini ya C kwenye masomo ya lazima: anatomia na fiziolojia 1 na 2, mikrobiolojia, kemia ya jumla, kemia ogani au biokemia, takwimu. Ya C si lazima urudie. Chuo kikiikubali, iache, uchukue kozi mpya ya juu zaidi kama jenetiki, imunolojia au fiziolojia ya juu. Kamati ikiona A ya biokemia haitakesha juu ya C ya mwaka wa kwanza.

Angalia pia umri wa kozi. Vyuo kadhaa havipokei masomo ya lazima yaliyopita miaka 5, 7 au 10.

Hatua ya 4: Saa za wagonjwa

CASPA hutenganisha saa za kumhudumia mgonjwa kwa mkono wako na saa za kufanya kazi tu mahali pa afya, kama mapokezi. Zenye uzito ni zile za kwanza. Mafunzo ya CNA (muuguzi msaidizi) kwa sheria ya shirikisho hayapungui saa 75, kwa hiyo ni mlango wa haraka. EMT (mhudumu wa dharura wa ambulensi) huchukua muda zaidi lakini hukupa mengi ya kusema kwenye usaili. Kwa zamu tatu za saa 12 kila wiki, saa 2,000 ni kama wiki 56. Mwenye GPA ya chini asiishie kwenye kiwango cha chini cha chuo.

Hatua ya 5: Orodha ya vyuo, kisha tarehe

Soma ukurasa wa masharti wa kila chuo mwenyewe. Tafuta kinachoangalia krediti 60 za mwisho, au kisichotaja GPA ya chini. Kikiandika 3.0 na wewe una 2.96, usitume, mara nyingi ombi huchujwa kabla mtu hajalisoma. Ada ni karibu dola 180 kwa chuo cha kwanza na karibu 60 kwa kila kinachofuata, basi vyuo kumi ovyo ni hela ya kozi nzima ya chuo cha jamii.

CASPA hufunguka mwishoni mwa Aprili. Vyuo vingi huita watu usaili kadiri maombi yanavyofika, hivyo Juni si sawa na Septemba. Angalia pia tarehe ya mwisho inadai nini: ombi liwe limetumwa, limekamilika, au limehakikiwa? Uhakiki huchukua wiki kadhaa, na aliyetuma siku ya mwisho kwa chuo kinachodai uhakiki amekwisha chelewa.

Insha ina herufi 5,000 pamoja na nafasi. GPA ieleze kwa sentensi mbili, tatu, zenye namba: "Miaka miwili ya kwanza nilifanya kazi saa 40 kwa wiki, nikapata 2.3. Krediti 32 za sayansi nilizosoma baadaye zina wastani wa 3.9." Usilalamikie mwalimu. Barua moja ya mapendekezo itoke kwa PA aliyekuona kazini. Ya mchungaji au shehe, hata iwe tamu vipi, haisemi unamhudumiaje mgonjwa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Nikisoma uzamili wa afya ya jamii, GPA yangu ya 2.7 itapanda?*

Marahaba. GPA ya digrii ya kwanza haitaguswa. Masomo ya uzamili yana mstari wake. Krediti za ngazi ya digrii ya kwanza ulizosoma baada ya kuhitimu ndizo zinazoingia kwenye ile ya kwanza.

*Ndugu, digrii yangu ni ya Tanzania na alama si nzuri. CASPA itaihesabu?*

Haiingizi masomo ya nje kwenye GPA. Utapeleka transkripti itathminiwe kozi kwa kozi na shirika kama WES, na chuo kitaiona tathmini hiyo. Vyuo vingi vinataka masomo ya lazima yasomwe Marekani, kwa hiyo kozi zako za kwanza huku ndizo zitakazojenga GPA ya CASPA. Ukianza na krediti 30 zenye A, unaingia na 4.0.

*Saa za nyumba ya kulea watu wenye ulemavu zinakubalika?*

Inategemea ulifanya nini. Kutoa dawa, kuogesha, kuhamisha mgonjwa kitandani na kupima presha andika kwenye saa za wagonjwa, ukitaja kazi zenyewe. Kupika, kuendesha gari na kukesha wakiwa wamelala vitenge. Ukiwa na shaka, chuo kiulize kwa barua pepe uhifadhi jibu.

*Mimi ni klinikal ofisa kutoka Kenya, miaka sita kazini. Naweza kufanya mtihani wa leseni moja kwa moja?*

Hapana. Mtihani huo, PANCE, hufanywa na waliohitimu programu iliyoidhinishwa na ARC-PA, chombo kinachoidhinisha programu za PA Marekani, tu. Hata daktari aliyesomea nje hana njia ya mkato. Saa zako za Kenya ziandike. Vyuo vingine huzipokea. Mwombe msimamizi wako wa zamani anwani ya barua pepe ya kazini mapema, maana chuo kikitaka kuthibitisha, namba ya simu iliyobadilishwa haitakusaidia.